Nusu Peni ya Admirali Howe: Usomaji wa Sarafu ya Sifa

Ni mara chache sarafu kusomwa kama matini. Nusu peni za shaba zilizotolewa na watu binafsi nchini Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 zinastahili kusomwa hivyo. Kati ya 1775 na 1797 serikali haikufua sarafu za shaba kwa ajili ya Uingereza, na wenye viwanda wakakosa chenji ya kulipia mishahara. Mwaka 1787 kampuni ya machimbo ya Parys, kisiwani Anglesey, ilianza kufua peni zake yenyewe. Wafanyabiashara wengi wakafuata.

Mojawapo ni nusu peni ya Hampshire ya mwaka 1795, inayomtukuza Howe, aliyewashinda Wafaransa katika bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 1794. Upande mmoja umechongwa uso wake, na maneno yanayoiita siku ile tukufu. Upande wa pili Britannia ameketi. Sifa imekamilika, habari haijakamilika. Wafaransa walipoteza merikebu saba, lakini msafara wa nafaka kutoka Marekani, ambao ndio waliotumwa kuulinda, ulifika Brest salama. Kwa haki, mchongaji hakuwa na nafasi ya kuyaeleza hayo. Mtunzi wa utenzi angekuwa na beti za kutosha, na huenda naye angenyamaza.

Kimya kizito zaidi kinawahusu mabaharia. Portsmouth, bandari ya merikebu zile, imo Hampshire. Aprili 1797, huko Spithead, mbele ya bandari hiyo, mabaharia waligoma: mshahara wao haukuwa umeongezwa tangu 1658. Walikuwa wamekwisha kumwandikia Howe barua zisizo na sahihi, nazo hazikujibiwa. Hata hivyo, mwezi wa Mei, akiwa na umri wa miaka 71, ndiye aliyetumwa kupita merikebu baada ya merikebu kuwapatanisha, nao wakamkubali. Kwa hiyo anayeiona nusu peni hii kuwa ni uongo mtupu wa wenye mali anakosea: sifa ile ilikuwa na mizizi miongoni mwa wale wale isiowataja.

Mwaka huohuo Boulton alipewa kazi ya kufua peni za serikali huko Soho, Birmingham, kila moja ikiwa na uzito wa aunsi moja. Britannia aliketi tena, merikebu ikionekana kwa mbali. Upande wa pili palikuwa na uso wa mfalme.