Chuo, Chama na Mfadhili: Uongozi wa Mafunzo ya Muziki Katika Mji wa Unguja

Kazi ya mhakiki wa sanaa hudhaniwa kuwa ni kupima wimbo, shairi au mchezo baada ya kwisha kutungwa. Ni mara chache huulizwa nani aliyeamua wimbo ule ufundishwe, nani aliyelipa ujira wa mwalimu, na nani mwenye ufunguo wa chumba kilichowekwa ala. Maswali ya namna hiyo huachiwa makarani na washika fedha. Lakini katika Unguja maswali hayo yameingia ndani ya sanaa yenyewe, hata taarabu haiwezi kuhakikiwa sawasawa na mtu asiyetaka kuyasikia.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kijulikanacho zaidi kwa herufi nne za jina lake la Kiingereza, DCMA, kilianza kazi mwaka 2002. Kwa miaka mingi makao yake yalikuwa katika jengo la Forodha ya Kale, Mizingani, mbele ya bahari, ambako sauti za udi na fidla zilisikika na wachukuzi wa bandarini. Hakikuwa chuo cha serikali wala biashara ya mtu, bali jumuiya isiyotafuta faida. Hildegard Kiel, mwanamke wa Kijerumani, alikuwa mwasisi na kiongozi wake wa mwanzo, na kando yake walisimama mafundi wa kienyeji. Miongoni mwa hao alikuwamo Mohamed Issa Haji, ajulikanaye kwa jina la Matona, fundi wa udi na fidla aliyezaliwa katika nyumba ya muziki. Hapana budi kukiri tangu mwanzo kwamba chuo hiki kilifanya jambo ambalo Unguja haikupata kuliona: mtoto wa mtu yeyote, mke kwa mume, aliweza kubisha hodi na kuomba kufundishwa kanuni.

Ukubwa wa jambo hilo hauonekani mpaka itazamwe njia ambayo elimu ya muziki ilipita kabla yake. Husimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, naye aliporudi akapiga katika kasri. Hiyo yaweza kuitwa shule ya kwanza, nayo ilikuwa na mfadhili mmoja, mwalimu mmoja na wasikilizaji waliochaguliwa. Mtawala alilipa, mtawala akasikiliza, na hesabu ikafungwa. Aliyekuwa nje ya ukuta wa kasri hakuwa na haki ya kudai chochote, kwa kuwa hakutoa chochote.

Mwaka 1905 liliingia jambo jipya. Watu wa mjini walikusanyika wakaunda Nadi Ikhwan Safaa, wakichukua jina la wale wanafalsafa wa Basra wa zamani waliojiita ndugu wa usafi. Mara nyingi wasimulizi hupita haraka hapa ili wawahi kutaja nyimbo na waimbaji, ilhali kilichostahili kutazamwa zaidi ni umbo la chama chenyewe. Mfadhili aliondoka, wakabaki wanachama. Mwenyekiti, katibu na mshika fedha walichaguliwa na wenzao, na wenzao hao waliweza kuwaondoa. Wapigaji hawakuishi kwa muziki. Mchana walikuwa makarani, mafundi na wafanyabiashara, na usiku wakakutana kufanya mazoezi. Fedha ilitoka katika michango yao, katika maonyesho ya sikukuu na arusi, na katika tuzo ambazo wasikilizaji, hasa wanawake, huinuka kumpa mwimbaji. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chama hicho kikajulikana kwa muda kwa jina la mtaa wa Malindi, kisha kikarudia jina lake la asili. Mwaka 2005 kikatimiza miaka mia. Watawala walipita, fedha zikabadilika sura zilizochorwa juu yake, na chama kikabaki.

Wako wanaotoa katika habari hiyo hukumu nyepesi, kwamba chama ni chetu na chuo ni cha wageni. Hukumu hiyo haistahimili kupimwa. Chama kilidumu, ndiyo, lakini kilidumu huku mlango wake umesindikwa. Kijana aliingia kwa kujuana, akakaa miaka mingi akitazama vidole vya wakubwa, na akapewa ala siku ambayo wakubwa walipenda. Wako mafundi walioficha ufundi wao mpaka wakaingia nao kaburini. Wanawake walikaribishwa kuimba, kutuza na kusikiliza, lakini kupiga ala kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Hata Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, hakuinuliwa na chama chochote kati ya vilivyokuwa vikubwa. Alisimama pamoja na Subeti Ambari, Mbaruk Talsam, Buda Swedi na Mwalimu Shaabani, wakifanya mazoezi nyumbani, upande wa Ng'ambo, mbali na heshima ya vyama vya mjini. Shaaban Robert alipomwandikia wasifu alisifu sana bidii yake. Bidii hiyo ilihitajiwa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, na sifa ya mwenye bidii ni lawama kwa mwenye mlango.

Kwa hiyo chuo kilipofungua mlango mwaka 2002 kilitibu maradhi ya kweli. Ushahidi wake wasikika. Mwaka 2009 Maryam Hamdani aliunda Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake ambamo wapigaji wa ala ni wanawake wenyewe, na jambo ambalo zamani lingeitwa ajabu likaanza kuwa la kawaida. Amina Omar Juma, aliyejifunza katika chuo hicho, akaongoza kikundi cha Siti and the Band kilichotoa albamu Fusing the Roots mwaka 2018. Mhakiki aweza kubishana na baadhi ya nyimbo za vijana hawa. Kuna mahali ambapo ngoma ya kizungu huyameza maneno, na shairi la Kiswahili lisiposikika taarabu imepoteza nusu ya mwili wake. Lakini hata ubishi huo wawezekana kwa kuwa kuna mtu wa kubishana naye.

Basi kasoro ilikuwa wapi? Kwa ufupi, aliyelipa hakuwa yule aliyefundishwa, wala yule aliyesikiliza. Chuo kilitegemea balozi za nchi za nje na mashirika ya misaada, na fedha za namna hiyo huja kwa mradi, nao mradi huwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kanuni, ala ile yenye nyuzi zipatazo sabini na zaidi, haifahamu tarehe za mradi. Mwanafunzi aliyeanza leo, mradi unapofungwa huwa hajamaliza kujua maqamu zake, achilia mbali kuzicheza bila ya kufikiri. Kiongozi wa chuo cha aina hii hujikuta na mabwana wawili. Asubuhi huandika taarifa kwa mfadhili, na taarifa hutaka hesabu: wanafunzi wangapi, wasichana wangapi, maonyesho mangapi. Jioni husimama mbele ya fundi mzee ambaye hajui kuhesabu kwa njia hiyo, aliyekaa mwezi mzima na mwanafunzi mmoja kwa ajili ya robo sauti moja isiyotaka kukaa mahali pake. Taarifa haina sanduku la kuandikia robo sauti.

Mitihani nayo ilifuata mkondo huo. Wanafunzi walipata kufanya mitihani ya muziki ya bodi ya Uingereza, na cheti chake kilitambulika duniani. Si vibaya mpigaji wa fidla wa Unguja kujua kusoma noti, na wengi wamefaidika. Ila jambo lipimwalo na nchi ya mbali kwa cheti, likiwekwa kando ya jambo lipimwalo na mzee kwa kutikisa kichwa, vijana watajua mara moja lipi lina soko. Hapo uongozi huwa umekwisha kuamua juu ya sanaa hata kama haukukusudia. Wala haitoshi kusema kwamba taarabu inafundishwa pia. Yapasa kuulizwa inapimwa na nani, na kwa kipimo gani.

Mwaka 2019 mambo yalifika kooni. Fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua, na chuo kikatangaza kwamba huenda kikafunga milango. Ilielezwa wakati huo kwamba karo ilikuwa kiasi cha dola 13 kwa mwezi na kwamba wanafunzi walio wengi hawakuweza kuilipa. Mwito ulitolewa, na magazeti ya nchi za nje yakaandika habari hiyo kwa huruma. Chuo hakikufa. Lakini mwito ule ulielekezwa zaidi nje kuliko ndani, na katika hilo chuo hakistahili lawama peke yake, kwani mji wenyewe haukuwahi kuambiwa kwamba chuo ni mali yake. Mtu hawezi kulilia kitu asichokuwa na hisa ndani yake. Mwaka uliofuata, maradhi ya korona yalipokata watalii, wanamuziki wa mjini waliozoea kupiga katika mahoteli na katika maonyesho ya wageni walipoteza riziki kwa mkupuo mmoja, na udhaifu ule ule ukaonekana kwa sura nyingine: wasikilizaji nao walikuwa wa kuazima.

Wengine watasema dawa ni serikali. Bagamoyo ipo ng'ambo ya bahari, yafaa itazamwe. Chuo cha Sanaa cha huko kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kimekuwa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Ukumbi wake wa maonyesho uliteketea kwa moto mwaka 2002, nao ukajengwa upya. Mkono wa serikali ulikipa chuo kile kitu ambacho cha Unguja hakikuwa nacho, yaani uhakika wa kuwapo mwakani. Kwa upande wa pili, mwalimu wa serikali huajiriwa kwa cheti, na fundi wa ngoma asiye na cheti hubaki mgeni katika chuo kinachofundisha ngoma yake. Unguja ina wazee wa namna hiyo wengi. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, asingeweza kujaza fomu ya kuomba kazi ya ualimu.

Jibu lafaa kutafutwa karibu zaidi, katika vyama vyenyewe. Chuo kina mlango uliofunguka lakini hakina wenyewe. Chama kina wenyewe, tena mlango wake ungali mzito. Haielekei kuwa jambo la bahati tu kwamba viwili hivi viliishi miaka yote hii katika mji mmoja, vikiazimana wapigaji kila wiki, bila ya kuketi pamoja katika baraza moja la uongozi lenye nguvu ya kuamua. Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club, kile cha Mila na Utamaduni chenye makao Vuga, ndivyo huwapokea wahitimu. Kama hivyo ndivyo, vina haki ya viti katika bodi ya chuo, navyo vina wajibu wa kutoa mchango, hata ukiwa mdogo, kwa sababu kitolewacho humpa mtoaji sauti. Walimu nao wanastahili kuchagua mwakilishi wao badala ya kuteuliwa mmoja anayependeza machoni pa wageni. Mtihani wa taarabu ufanywe mbele ya mafundi wa vyama, usiku, mbele ya hadhira, na matokeo yaandikwe katika cheti kile kile. Mfadhili akitaka kusaidia na asaidie kwa kununua nyuzi, kutengeneza paa na kuweka akiba isiyoguswa, lakini asiwe ndiye anayesomewa taarifa kwanza.

Patakuwa na ugomvi, hapana shaka. Vyama vya Unguja vina historia ya kugombana na kugawanyika, na baraza lenye vyama ndani yake halitakuwa tulivu kama bodi ya watu wachache wanaokutana mara mbili kwa mwaka. Lakini ugomvi juu ya maqamu au juu ya nani apige fidla ya kwanza ni ugomvi wa watu wanaojali. Utulivu wa mwaka 2019 ulikuwa wa namna nyingine.

Limebaki jambo moja ambalo hata baraza jema laweza kulisahau, nalo ni shamba. Mazungumzo yote haya huishia ndani ya Mji Mkongwe, na mara chache huvuka hata barabara ya Darajani kuingia Ng'ambo, ambako kidumbaki, ndugu maskini wa taarabu mwenye ngoma zake ndogo na besi ya sanduku, kimechezesha arusi miaka mingi. Makunduchi ina ngoma zake na Mwaka Kogwa wake. Fumba ilimtoa Siti. Mtoto wa Fumba leo akitaka kujifunza udi, hana budi apande gari kwenda mjini na kurudi, alipe nauli juu ya karo, na amsadikishe baba yake kwamba safari hiyo ina maana. Siti alikwenda mjini akiuza vyungu. Katika hesabu za chuo nauli ya mtoto huyo haina mstari wake, na baraza litakaloundwa laweza kuanza kazi kwa kuuandika.