Kengele Mbili Katika Kaseti

Kwa miaka ishirini na zaidi nililifundisha shairi moja vibaya, na kosa lenyewe chanzo chake ni betri. Msomaji ataniwia radhi nikianza uhakiki kwa jambo dogo kama hilo. Ningekuwa na jambo kubwa la kusingizia, ningelitumia.

Shairi hilo alilitunga mwalimu mwenzangu. Tulimaliza pamoja chuo cha ualimu mwaka 1973, na baadaye tukakutanishwa tena katika shule moja ya msingi hapa mkoani Singida, mimi nikiwa mwalimu mkuu na yeye akifundisha Kiswahili. Alifariki mwaka 1999. Jina lake silitaji, kwa ombi la mjane wake, na beti zake sizinukuu kwa sababu hiyo hiyo. Nitaeleza tu lilivyojengwa. Lina beti 12 za mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa, na kibwagizo ni kile kile kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu mzima anamwaga kijana aendaye vitani. Anamwambia aende. Anamkumbusha viatu, maji ya kunywa, salamu za mama. Katika ubeti wa 12 kijana anapanda lori, na shairi linaishia hapo.

Wale tuliokuwa karibu tulijua kwamba kijana mwenyewe ni mdogo wake mtunzi, aliyekwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 na hakurudi. Lakini karatasi haisemi hivyo popote. Karatasi inasema nenda, mara 12, kwa herufi zile zile. Asomaye kwa macho anaweza kabisa kulichukua kuwa shairi la hamasa, nami ndivyo nilivyolichukua, ingawa habari za yule kijana nilizijua. Nilidhani mwenzangu ameamua kumwenzi kwa ushujaa.

Kaseti ndiyo iliyonithibitishia. Tuliirekodi mwaka 1986, nyumbani kwangu, ndani ya uwanja wa shule. Tulichagua alasiri moja wanafunzi walipokwenda shamba la shule, ili tupate utulivu. Redio kaseti ilikuwa yangu. Kaseti ya dakika 90 alikuja nayo yeye, ina taarabu upande mmoja, upande wa pili mtupu. Betri mpya hazikupatikana. Wanaoikumbuka miaka ile hawahitaji maelezo. Tulizianika juani zile za zamani tangu asubuhi, kama watu wote walivyofanya, tukazirudisha zikiwa na moto kidogo. Alisoma mashairi sita, na hilo la mdogo wake likawa la mwisho.

Katika kaseti ile sauti yake inaanza nzito na tulivu, kisha kadiri upande unavyokwisha inapanda na kuharakisha. Ikifika ubeti wa tisa na wa kumi inakuwa kali, ya mtu aliyeshikwa na moto. Niliipenda mno. Niliwasikilizisha walimu wageni na wanafunzi wa darasa la sita na la saba, nikawaambia: sikilizeni malenga anavyopanda ngazi. Nikawafunza kupanda hivyo hivyo. Katika mashindano ya shule za tarafa watoto wetu walilighani shairi lile kwa ngumi juu na shingo zimetoka mishipa, wakashinda zaidi ya mara moja.

Si haki kuitwisha betri mzigo wote. Masikio yangu yalikuwa tayari kudanganywa. Sisi ni watoto wa ngonjera. Marehemu Mathias Mnyampala, jirani yetu wa Dodoma, alitunga Ngonjera za UKUTA, zilizotolewa kuanzia mwaka 1970, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 hapakuwa na sherehe ya shule isiyokuwa na safu mbili za watoto wakijibizana kwa beti. Nasema hivi kwa heshima: ngonjera zilitufunza Kiswahili, zilitufunza kusimama mbele za watu. Lakini zilitufunza pia kwamba shairi zuri ni lile linalofika hadi mti wa mwisho wa uwanja. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga, alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Sisi tuliokuja baadaye tulilishika neno wimbo tukasahau kwamba nyimbo nyingine ni za kubembeleza, na nyingine ni za matanga.

Miaka miwili iliyopita mjukuu wangu alikuja likizo kutoka chuo kikuu. Aliitazama ile kaseti, akaniambia, Babu, hii itakufa. Tukatafuta redio kaseti inayofanya kazi, akachomeka waya kutoka tundu la kusikilizia hadi kwenye kompyuta aliyoazima, akatumia programu ya bure. Gharama yote ilikuwa waya na nauli ya kwenda mjini kuufuata. Akakaa kusikiliza upande mzima, kazi ambayo mimi sikuwa nimeifanya kwa miaka mingi, kwani nilizoea kupeleka mkanda mbele hadi kwenye shairi lile.

Jioni akaniuliza kengele ya shule ilikuwa ngapi. Nikamjibu ilikuwa moja, rimu la gari lililotundikwa kwenye mwarobaini, likigongwa kwa chuma. Akanisikilizisha. Mwanzoni mwa kaseti inasikika kengele ya kuwapeleka watoto shamba. Karibu na mwisho, katikati ya ubeti wa kumi, inasikika kengele ya kuwarudisha. Nilifunzwa kusoma do re mi chuoni na sikio langu la muziki bado halijazeeka sana. Ikiwa kengele ya kwanza ilisema do, ya pili ilisema re. Rimu lile lile, mwarobaini ule ule.

Chuma hakishikwi na hamasa. Kilichotokea ni kwamba betri zilipochoka, mota ilivuta mkanda polepole wakati wa kurekodi. Na mkanda uliorekodiwa polepole, ukichezwa kwa betri nzima, unakimbia na sauti inapanda. Kwa kila dakika tano za mwisho ilipotea takriban nusu dakika. Ngazi niliyowafunza watoto kuipanda ilikuwa ya mota.

Mjukuu alirudisha mwendo kidogo kidogo hadi kengele ya pili ikalingana na ya kwanza. Tulisikiliza usiku. Sauti haipandi hata kidogo. Kuanzia ubeti wa saba inashuka. Kile kibwagizo, ambacho mwanzoni ni cha mtu anayetoa amri, katika ubeti wa tisa kinakuwa cha mtu anayeomba, na katika ubeti wa 11 neno nenda linatoka kama linavyotamkwa kaburini, wakati wa kumwachilia aliyekwisha kwenda. Kabla ya kibwagizo cha mwisho kuna kimya cha pumzi mbili. Katika mwendo wa haraka nilikidhania kuwa ni kuvuta pumzi tu. Sasa kinasikika wazi: anameza.

Hapo ndipo nilipouona ustadi wa shairi, ambao karatasi iliuficha na kaseti mbovu ikaupotosha. Mtunzi alikiacha kibwagizo bila kukibadilisha neno hata moja kwa sababu alikusudia sauti ndiyo ikibadilishe. Nilikuwa nimewahi kumkosoa, mbele ya walimu wenzetu, kwamba kibwagizo chake kimechosha na beti za mwisho zingefaa kibwagizo kipya. Alitabasamu tu. Na siku ile watoto waliposhinda kwa mara ya kwanza, tulikaa mstari wa mbele, mimi nikipiga makofi. Aliniinamia akasema, "Watoto wana sauti, Mwalimu." Nilidhani ni sifa.

Nilimpelekea mjane wake sauti iliyorekebishwa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Shemeji, huyu ndiye." Kisha akauliza kwa nini nilichelewa.

Siku hizi nami najirekodi nyumbani, na wazee wenzangu wawili watatu, kwa simu ya mkononi. Simu haichoki kama mota, lakini ina uongo wake. Nyingine husafisha sauti bila kuombwa, zikafuta minong'ono na kuvila vile vimya ambavyo ndivyo nusu ya shairi. Tafuta namna ya kuizuia, au azima simu nyingine. Magodoro mawili yakisimamishwa ukutani huondoa mwangwi wa chumba cha saruji. Simu ikae shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi p isilipuke. Masika hakuna kurekodi chini ya bati. Kiangazi upepo wetu wa Singida hupenya hata dirisha lililofungwa, na majogoo wetu, sifa yao imefika Dar es Salaam, hawajui alfajiri ni saa ngapi. Mimi hurekodi kati ya saa tatu na saa tano usiku. Na nagonga glasi kwa kijiko mwanzo na mwisho. Mjukuu hucheka, kwani kwa simu haina kazi.

Sauti ile niliwatumia pia wanafunzi wangu wa zamani watatu, ambao sasa ni walimu na bado wanalifundisha shairi kwa ngumi juu. Wawili hawajajibu. Wa tatu aliandika kwamba amesikiliza, ni nzuri lakini imepoa mno kwa vijana, na akaomba ruhusa ya kuitia ngoma chini yake. Ujumbe wake ninao bado katika simu, sijaujibu.