Usiihukumu Nyumba Mpya kwa Baridi Yake ya Kwanza

Mwaka 1991 familia nne zilihamia safu ya nyumba mpya mtaani Kranichstein, katika mji wa Darmstadt, Ujerumani. Wazo la nyumba hizo lilikuwa la mwanafizikia Wolfgang Feist na Profesa Bo Adamson wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na Feist mwenyewe alikuwa mmoja wa waliohamia. Wawili hao walikuwa na dai zito: kwamba nyumba inaweza kuwa na joto la kutosha majira yote ya baridi huku ikitumia sehemu ndogo tu ya nishati inayotumiwa na jirani zake. Kuta zilivikwa kizuia joto cha unene wa karibu sentimita 28, madirisha yakawekwa vioo vya tabaka tatu, na hewa chafu iliyokuwa ikitoka ndani iliachia joto lake hewa safi iliyokuwa ikiingia.

Ninachokiheshimu zaidi katika kazi ile ni upimaji uliofuata. Msimu wa kwanza wa baridi, nishati ya kupasha nyumba ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya misimu ya baadaye. Mtu mwenye haraka angetangaza kwamba mradi umeshindwa. Wao waliendelea kusoma mita, na miaka iliyofuata matumizi yakatulia karibu na kilowati-saa 10 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, wakati nyumba nyingi za zamani za Ujerumani hupita 150.

Sababu mojawapo ya tofauti kama hiyo ni maji. Zege, plasta na sakafu ya saruji huingia kwenye jengo zikiwa zimelowa, na maji hayo lazima yatoke. Kukausha kilo moja ya maji hula takriban kilowati-saa 0.68. Chukua nyumba ya mita za mraba 150 ambayo bado ina tani 2 za maji kuanzia msingi hadi dari. Zikikauka kwa joto la ndani wakati wa baridi, zitameza kilowati-saa 1,360, yaani 9 kwa kila mita ya mraba. Kwenye nyumba ya zamani inayotumia 200, hizo 9 hakuna atakayeziona. Kwenye nyumba iliyoundwa kutumia 15, ni zaidi ya nusu ya bajeti yote. Ndiyo maana kadiri nyumba inavyojengwa vizuri, ndivyo bili ya mwaka wa kwanza inavyozidi kupotosha.

Kanuni hiyo hiyo inahusu digrii ya chumba. Tuseme nyumba inapoteza kilowati-saa 50 kwa mita ya mraba kila msimu, na 35 kati ya hizo zinalipwa bure na jua, jiko, taa na miili ya watu. Mtambo wa joto unabaki kufidia 15. Wenyeji wakipandisha chumba kutoka digrii 20 hadi 21, upotevu unaongezeka kwa takriban asilimia 6, yaani kilowati-saa 3. Jua na jiko haviongezi kitu, hivyo zote tatu zinabebwa na mtambo: kutoka 15 hadi 18, ongezeko la asilimia 20! Fundi hajakosea popote, na familia haijafanya ubadhirifu wowote, imetaka tu kukaa bila sweta. Katika mtaa wa Kronsberg, mjini Hannover, Ujerumani, zilijengwa nyumba 32 za aina ile ya Darmstadt mwishoni mwa miaka ya 1990, na matumizi yake yalipishana sana ingawa kuta zilikuwa zilezile. Kwa hiyo kulinganisha bili yako na ya jirani mmoja hakukuambii lolote la maana kuhusu jengo.

Kisha kuna maji ya kuoga. Watu wanne, kila mmoja akitumia lita 30 kwa siku zilizopashwa kutoka digrii 10 hadi 45, wanahitaji takriban kilowati-saa 1,800 kwa mwaka, kabla hujahesabu joto linalopotea kwenye tangi na mabomba. Nyumba ile ya mita za mraba 150, kwa 15 kila mita, inahitaji 2,250 kupasha vyumba vyote. Mita moja ya gesi ikibeba vyote viwili, huwezi kujua ni bafu au ni ukuta unaokula pesa.

Wenye nyumba mpya, wakiwemo Waswahili wenzetu waliojenga au kununua huko Ulaya, ningewashauri wasisubiri bili ya mwaka. Soma mita kila wiki, siku ileile, na uandike wastani wa joto la nje wa wiki hiyo. Kama ni gesi, mita moja ya ujazo ni takriban kilowati-saa 10. Weka alama kwenye karatasi ya miraba: joto la nje chini, matumizi kando. Wiki za kiangazi zitakuonyesha kiwango cha maji ya moto peke yake. Wiki za baridi zitajipanga karibu na mstari unaopanda kadiri nje kunavyozidi kuwa baridi. Ikiwa wiki ya digrii 10 ilikula kilowati-saa 120 na wiki ya sifuri ikala 330, tofauti ni 21 kwa kila digrii. Gawanya kwa saa 168 za wiki: nyumba inavujisha wati 125 kwa kila digrii. Hiyo ndiyo namba ya kuiweka mbele ya hesabu za mhandisi.

Unyevu wa ujenzi huinua mstari wote bila kuubadilisha sana mwinuko, na baridi ya pili mstari hushuka. Kizuia joto kilichorukwa au mianya ya hewa huufanya uwe mkali zaidi, na mwaka wa pili utaukuta na ukali uleule. Sheria ya Ujerumani kwa kawaida humpa mwenye nyumba miaka 5 tangu kuipokea kazi kudai kasoro za jengo, kwa hiyo muda wa kupima baridi mbili upo. Mstari ukibaki mkali, dai jaribio la feni mlangoni, lile linalojenga tofauti ya shinikizo ya paskali 50, na upite na moshi kwenye soketi za umeme na kwenye maungio ya madirisha.