Kijazo si Kiimarisho: Uhakiki wa Dai la Maganda ya Mazao katika Kompositi za Polima

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki dai lililozoeleka katika tafiti za sayansi ya maada: kwamba maganda ya mazao, yakisagwa na kuchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, huiimarisha plastiki hiyo, na kwamba kwa njia hiyo nchi huondokana na taka za shamba na taka za mji kwa mkupuo mmoja. Mjini Bujumbura dai hilo lina mvuto wa pekee. Kusini mwa mji, kando ya Ziwa Tanganyika, ipo michikichi ya Rumonge. Katika uwanda wa Imbo upo mpunga. Na nyanda za juu za Kayanza na Ngozi hukoboa kahawa. Aidha, agizo la Rais la Agosti 2018, lililoanza kutekelezwa Februari 2020, lilipiga marufuku mifuko ya plastiki, likiacha nafasi kwa matumizi machache maalumu. Mshauri wa sera anayeambiwa kwamba ganda na plastiki vinaweza kuwa ubao au kigae ana kila sababu ya kusikiliza. Hoja yetu ni kwamba dai hili limejengwa juu ya mkanganyiko wa istilahi, na kwamba gharama ya mkanganyiko huo itabebwa na wakulima pamoja na ziwa.

2.0 Neno moja, vitu vingi

Tafiti nyingi hukusanya chini ya neno moja, “maganda”, vitu ambavyo Kiswahili kimevitenga tangu zamani. Kifuu cha nazi si kumbi la nazi. Kifuu ni kigumu, kimejaa lignini, na kikisagwa hutoa chembe. Makumbi hutoa nyuzi. Ndiyo maana Zanzibar makumbi hufukiwa ufukweni, yakaozeshwa, yakapondwa na kusokotwa kamba, ilhali hakuna aliyewahi kusokota kamba ya vifuu. Kumvi za mpunga ni kitu cha tatu. Hizo ni takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga usiokobolewa, na zikichomwa huacha majivu yanayokaribia moja ya tano ya uzito wake, sehemu kubwa ikiwa silika. Hivyo tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za kumvi na kilo 40 za majivu. Silika hiyo hukwaruza na kula parafujo za mashine ya kuyeyushia plastiki. Ganda la yai nalo ni kaboneti ya kalisi, wala halina selulosi. Mtafiti anayehamisha matokeo ya kimoja kwenda kwa kingine kwa sababu vyote vinaitwa maganda hajafanya ulinganisho wa kisayansi.

3.0 Kujaza na kuimarisha

Kuimarisha, kwa maana ya kihandisi, ni kuhamisha mzigo kutoka kwenye polima kwenda kwenye kitu chenye nguvu zaidi. Uhamisho huo hutegemea mambo mawili: urefu wa uzi ukilinganishwa na unene wake, na mshikamano kati ya uzi na polima. Chembe ya ganda lililosagwa haina urefu wa kutosha. Tena uso wake hupenda maji, ilhali polithini na polipropilini huyakataa. Pasipo tiba ya kikemikali, chembe hukaa ndani ya plastiki kama changarawe ndani ya matope. Matokeo ya kawaida yanajulikana: ukakamavu huongezeka, lakini uwezo wa kuhimili mvuto na mapigo hupungua kadiri kiasi cha unga kinavyozidi, na ubao hunyonya maji zaidi. Hicho ni kijazo. Si aibu kuwa kijazo, kwani hupunguza kiasi cha plastiki kinachohitajika. Kasoro ni kukiita kiimarisho, kisha kuwaacha watunga sera wafikirie boriti na paa.

Tiba inayopendekezwa mara nyingi ni kuyaosha maganda kwa kostiki soda, ileile inayotumiwa na watengeneza sabuni ya mawese. Tafiti huripoti ongezeko la mshikamano, lakini ni nadra kueleza maji ya kuoshea yalimwagwa wapi. Katika maabara hilo ni jambo la ndoo moja. Katika kiwanda kilichoko kando ya ziwa linalogawanywa na Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni jambo la mataifa manne.

4.0 Taka ya nani?

Neno “taka” nalo lahitaji kuhojiwa. Ganda gumu la kokwa ya chikichi ni kuni nzuri. Kumvi huchomea matofali na kutandikwa mabandani mwa kuku. Ganda la kahawa hurudishwa shambani. Kiwanda kikianza kununua, bei itapanda, na aliyekuwa akiokota bure atarudi msituni kutafuta kuni. Utafiti unaoandika gharama ya malighafi kuwa sifuri umemfuta mtu huyo kwenye hesabu.

Isitoshe, plastiki iliyochanganywa na ganda haiozi kama ganda, wala hairejelezwi kwa urahisi kama plastiki safi. Ikichakaa juani na mvuani, humeguka vipande vidogo. Kuiita suluhisho la taka pasipo kueleza mwisho wake ni kuahirisha tatizo.

5.0 Hitimisho

Hatupendekezi tafiti hizi ziachwe. Kigae cha sakafu, kizingiti cha bustani na ubao wa ndani havihitaji nguvu za boriti, na kijazo huvifaa. Tunapendekeza istilahi mbili, kijazo na kiimarisho, zitenganishwe katika kamusi za sayansi na katika miongozo ya viwango, na kila pendekezo linalofikishwa serikalini lijibu maswali manne: ganda lipi hasa, nguvu ipi imepimwa baada ya kulowa maji, maji ya tiba yanakwenda wapi, na nani alikuwa akilitumia ganda hilo kabla ya kiwanda kuja. Pendekezo lisiloweza kuyajibu halijafikia hatua ya kuombewa fedha za umma.