Kina cha Safaya Kiamuliwe na Pembe, Si Mizani

Tangu watu walipomiminika Tunduru, kusini mwa Tanzania, katikati ya miaka ya 1990 kufuata vito kwenye kokoto za mto Muhuwesi, mizani ndiyo imekuwa msemaji mkuu wa bei: gramu kwa jiwe ghafi, karati kwa lililokatwa. Ndiyo maana mkataji hushawishika kuliachia jiwe tumbo nene ili uzito usipotee. Kishawishi hicho hula thamani ileile kinachodai kuilinda. Kina cha safaya kinapaswa kuamuliwa na pembe ya nyuso za chini, uzito ufuate.

Chukua safaya ya duara yenye kipenyo cha milimita 6. Nyuso za chini zikikatwa kwa nyuzi 42, kina kutoka mkandani, yaani ukingo mpana wa jiwe, hadi nchani ni milimita 2.7, kwa nyuzi 50 kinakaribia 3.6, kwa nyuzi 30 ni 1.7 hivi. Mwanga unaoshuka wima hugonga uso wa chini kwa pembe ileile uliyokatiwa, na mpaka wa safaya ni nyuzi 34.6 hivi: chini ya hapo mwanga mwingi hupenya na kutoka, juu yake huakisiwa wote. Kwa nyuzi 30, basi, unapita moja kwa moja, na jiwe likiwekwa juu ya gazeti herufi huonekana katikati yake. Kwa nyuzi 50 unaakisiwa mara ya kwanza, lakini uso wa pili unaugonga kwa nyuzi 30 tu na kutorokea hapo. Kwa nyuzi 42 uso wa pili unaupokea kwa nyuzi 54, na mwanga unarudi juu kwa anayelitazama.

Katika kipimo hicho, kosa la nyuzi moja ni sawa na milimita 0.1 ya kina, kiasi ambacho jicho na mkono peke yavyo haviwezi kukilinda. Ndiyo sababu jiwe hugandishwa kwenye kijiti, kijiti kikafungwa kwenye mkono wa mashine wenye kipimo cha nyuzi, kisha likashushwa juu ya sahani ya almasi inayozunguka kwenye maji. Sahani yenye chembe kubwa husimamishwa kabla nyuso hazijakutana nchani, kwa kuwa sahani laini zinazofuata nazo hula kidogo.

Wapo watakaosema karati ni fedha. Tumbo la jiwe likihesabiwa kama koni, kutoka nyuzi 42 hadi 50 kunaongeza karati 0.16 hivi kwenye jiwe la karati moja. Si haba, ila mnunuzi anayejua kazi hulikadiria jiwe hilo kwa uzito litakaobaki nao baada ya kukatwa upya. Pingamizi zito zaidi ni la jiwe ghafi bapa, lisilo na kina cha kutosha. Hapo njia ni kupunguza kipenyo, au kukubali uwazi ule wa katikati unaopitisha mwanga, kwa kujua gharama yake. Rangi nayo ina haki yake: jiwe lililopauka hustahili kina zaidi, lililokolea kina kidogo, ili mradi pembe isivuke mipaka.

Masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019 yameleta mizani inayoaminika. Kando yake iwekwe kalipa: kina kigawanywe kwa kipenyo mbele ya muuzaji, na mkataji aliyepoteza uzito kwa sababu ya mwanga apate hoja ya kudai bei yake.