Teraflopi 2 za PlayStation 3 zilivyotuzuga

Kila konsoli mpya inapokaribia kutoka, mitandao hujaa neno moja: teraflopi. Nani anazo nyingi, nani kaachwa nyuma. Watu wanabishana kama mashabiki wa Simba na Yanga, tena kabla yeyote kati yao hajaishika mashine yenyewe. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote unavyoweza kutumia kusubiria mashine ya gemu. Kesi nitakayokuonyesha ni ya zamani kidogo, ila uzuri wake ni kwamba imeshaisha, tunajua ilivyoanza na ilivyomalizika. Ni PlayStation 3.

Mei 2005, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Sony walipanda jukwaani wakatangaza mashine yenye nguvu ya teraflopi 2. Teraflopi moja ni hesabu trilioni moja za namba za desimali kwa sekunde moja. Wakaonyesha na video ya gemu ya vita, Killzone, watu wakapagawa. Baadaye ikajulikana kwamba video ile haikuwa gemu inayochezwa. Ilitengenezwa mapema kama filamu ya kompyuta, kuonyesha walichotarajia kukifikia. Mashine yenyewe iliingia madukani Novemba 2006, na Marekani iliuzwa dola 499 au 599 kutegemea ukubwa wa diski.

Hebu tuifungue hiyo namba tuone ilipikwaje. Moyo wa PS3 ni chipu iitwayo Cell, iliyoundwa na Sony, Toshiba na IBM. Ndani yake kuna prosesa kuu moja na vitengo vidogo vya kukokotoa. Chipu inapiga mapigo bilioni 3.2 kwa sekunde. Katika pigo moja, kitengo kidogo kinaweza kushika namba 4 kwa mpigo na kuzifanyia hesabu 2, yaani kuzidisha na kujumlisha. Zidisha mwenyewe: 4 mara 2 mara 3.2 unapata 25.6, ndizo gigaflopi za kitengo kimoja. Jumlisha vitengo 7 na prosesa kuu, Sony wakafika 218.

Sasa 218 na 2,000 mbona haziko karibu hata kidogo? Hizo 1,800 zilizobaki waliipa chipu ya michoro kutoka Nvidia, wakihesabu mpaka kazi ambazo chipu ya aina hiyo huzifanya kwa njia yake maalum na huwezi kuiagiza izifanyie kitu kingine. Na hata vile vitengo 7: kwenye chipu vimechongwa 8, kimoja kikazimwa ili chipu zenye kasoro ndogo zisitupwe, kingine kikashikwa na mfumo wa mashine. Mwandika gemu akabakiwa na 6.

Hiyo ni hesabu ya kileleni, inayodhani kwamba katika kila pigo kila kitengo kina namba sahihi mkononi. Dashibodi ya daladala nayo imeandikwa 180.

Sasa fikiria jiko la shughuli. Mpishi mkuu mmoja, wasaidizi sita hodari, na stoo imejaa chakula. Sharti ni hili: msaidizi haruhusiwi kukata kitu kilichopo stoo. Lazima kwanza kiletwe kwenye meza yake, na meza ni ndogo kama kigoda. Akitaka kitunguu atume oda, aendelee na kazi nyingine kitunguu kikiwa njiani, akimaliza kukata arudishe ili apate nafasi ya nyanya. Nani anapanga safari zote hizo? Mpangaji programu, kwa mkono, mstari kwa mstari.

Meza hiyo ilikuwa kilobaiti 256, na humo humo zikae data pamoja na maelekezo ya kazi. Picha ya kawaida ya kupaka ukuta ndani ya gemu, nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti 4, inakula megabaiti 1. Yaani meza nne. Stoo nayo ilikatwa vipande viwili: megabaiti 256 za prosesa, 256 za michoro. Xbox 360, iliyotangulia kutoka kwa mwaka mmoja, ilikuwa na megabaiti 512 zile zile, lakini kwenye stoo moja, na mioyo mitatu inayofanana. Kwenye karatasi hazikupishana sana. Jikoni zilipishana mno.

Kuna kitu kingine ambacho wanafunzi wa kompyuta mnakijua kama sheria ya Amdahl, kutoka kwa Gene Amdahl, 1967. Tuseme asilimia 40 ya kazi ya gemu haigawanyiki: huwezi kuamua adui anageukia wapi kabla ya kujua mchezaji amesogea wapi. Asilimia 60 inayobaki ukiwagawia wasaidizi sita, kazi nzima inakwenda mara mbili tu ya kasi ya mwanzo. Mara mbili, siyo sita! Hata ukileta wasaidizi elfu moja, hutavuka mara 2.5.

Usije ukadhani basi kwamba Cell ilikuwa takataka. Mwaka 2007 wenye PS3 waliruhusu mashine zao zisaidie mradi wa Folding@home, unaochunguza jinsi protini zinavyojikunja, na mwaka huo huo mradi ukavuka petaflopi moja. Mwaka 2008 Roadrunner, kompyuta kuu ya maabara ya Los Alamos, ikawa ya kwanza duniani kuvuka petaflopi kwenye jaribio la Linpack, nayo ilitumia toleo lililoboreshwa la Cell. Kwa nini huko iliwezekana? Kwa sababu hesabu za fizikia mara nyingi ni vitunguu milioni mia, vyote vya kukatwa kwa namna moja, na unajua mapema kipi kitafuata. Gemu haijui. Inamsubiri wewe ubonyeze kitufe.

Turudi kwa watengenezaji, maana hapa ndipo palipouma. Mwaka 2005 na 2006 hamu yao ilikuwa kubwa, na si ya kijinga. PS2 ilikuwa imetawala dunia (huku kwetu ilitawala vibanda vya gemu miaka mingi hata baada ya mrithi wake kutoka), kwa hiyo kutoandikia PS3 kulionekana ni kujinyima. Kumbe kampuni nyingi zilikuwa zinaandika gemu moja kwa mashine mbili, na ile iliyohitaji kazi ya ziada ikaishia kupata toleo dhaifu. The Orange Box ilikuwa mbaya zaidi kwenye PS3. Bayonetta pia. Gabe Newell wa Valve aliisema mashine hiyo vibaya hadharani mwaka 2007, kwamba ni kupotezeana muda, na ilimchukua mpaka 2010 kusimama kwenye jukwaa la Sony kutangaza Portal 2. Kwa kampuni kubwa hiyo ni kero. Kwa timu ya watu kumi, miezi sita ya kuhangaika na meza za kilobaiti 256 ni mishahara iliyoyeyuka bila gemu.

Mapema 2009 Kazuo Hirai, aliyekuwa akiongoza kitengo cha PlayStation, alitetea hali hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba hawakutaka mashine rahisi kuandikia, kwa sababu iliyo rahisi inamalizwa uwezo mapema, miaka inayofuata inabaki haina jipya. Tuipe haki yake: The Last of Us ya 2013 inapendeza mno kwa mashine ya 2006. Lakini iliandikwa na nani? Naughty Dog, studio inayomilikiwa na Sony wenyewe, yenye wataalamu na muda. Wengine waliambiwa ugumu ni zawadi, na bili wakalipa wao. Hoja hiyo siinunui.

Na Sony wenyewe hawakuendelea kuinunua. Mark Cerny, msanifu wa PS4, alianza kwa kuwazungukia watengenezaji na kuwauliza wanataka nini. Wakataka stoo moja, wakapata gigabaiti 8 zisizogawanywa, na prosesa ya ukoo ule ule wa kompyuta za kawaida. Mwaka 2013 Cerny alieleza kipimo ambacho mimi nakiona bora kuliko teraflopi zote: muda tangu timu ianze kazi mpaka injini ya msingi ianze kuchora pembetatu kwenye skrini. PlayStation ya kwanza, mwezi 1 hadi 2. PS2, miezi 3 hadi 6. PS3, miezi 6 hadi 12! PS4 ikarudi mwezi 1 hadi 2.

Ungetegemea tumejifunza. Machi 2020 Cerny aliielezea PS5 kwa undani, akizungumza kwa kirefu kuhusu diski mpya ya kasi na namna data inavyofika kwenye kumbukumbu, yaani mambo ya stoo na meza. Akataja na pembetatu: chini ya mwezi mmoja. Mitandaoni kilichozungumzwa kilikuwa 12 dhidi ya 10.28, teraflopi za Xbox Series X na za PS5. Konsoli zikatoka Novemba, watu wakaweka gemu zile zile ubavu kwa ubavu, na ile tofauti ya asilimia kama 17 mara nyingi haikuonekana kwa macho. Gemu nyingine zilikwenda vizuri zaidi kwenye PS5.