Mbuzi Aliyebaki Nje ya Ukumbi

Jumamosi moja ya Julai, mwezi ambao Mlima Meru hujifunika mawingu tangu alfajiri na watu wa Arusha hutembea na makoti hadi mchana, nilisimama mbele ya watu wapatao thelathini nikasoma maandishi ya mtu ambaye hakuwepo. Ilikuwa jioni ya usomaji. Tulikuwa tumewaalika waandishi wachache wa hapa mjini wasome kazi za wakimbizi na za waandishi walioteswa kwa sababu ya kalamu zao. Chai ilikuwepo, sambusa zilikuwepo, na karibu na mlango tuliweka bakuli la michango.

Maandishi niliyosoma yalitoka kwa kijana wa Kongo ya Mashariki, mkimbizi, ambaye sitataja jina lake wala mahali alipo. Alinitumia sauti kwa WhatsApp, vipande kumi na viwili, nami nikaviandika. Vilisimulia siku tatu ambazo familia yake ilitembea kuutafuta mpaka. Nilipokuwa nikisoma ukumbi ulitulia kabisa. Dada mmoja wa mstari wa mbele alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Bakuli lilipata zaidi ya tulivyotarajia. Usiku ule nilimtumia rekodi, nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda jema. Asubuhi akanijibu: "Aksanti sana, dada. Lakini mbuzi wetu alienda wapi?"

Mbuzi nilimkata mimi. Kati ya vipande vile kumi na viwili, vitatu vilimhusu mbuzi ambaye bibi yake alikataa katakata kumwacha nyuma. Walimvuta njia nzima. Siku ya pili akatafuna kitambulisho cha mjomba. Walipofika mpakani na askari akadai karatasi, bibi akamwonyesha mbuzi: kitambulisho kimo humu, mpasueni muone. Askari akacheka hadi akainama, akawapitisha. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani. Kisha nikahesabu dakika zangu kumi, nikafikiri kwamba kicheko kitaharibu uzito wa jioni, nikaandika sentensi moja mahali pa vipande vitatu: askari aliwaonea huruma, wakavuka.

Nimekaa na sentensi hiyo kwa miezi kadhaa sasa. Katika simulizi yake, familia iliokolewa na ulimi wa bibi. Katika simulizi yangu, iliokolewa na huruma ya mwenye bunduki. Mhusika mkuu nilimbadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo maana nataka kuuhakiki usomaji wa aina hii kama tunavyohakiki riwaya au tamthiliya: una mwandishi, una mhariri, una hadhira, na una makosa yake ya kiufundi ambayo hatuyasemi kwa sababu nia ni njema.

Nianze na haki yake. Tarehe 14 Januari 2016, kwa wito wa Tamasha la Kimataifa la Fasihi la Berlin, watu katika miji mingi ya dunia walisoma mashairi ya Ashraf Fayadh, mshairi wa familia ya wakimbizi wa Kipalestina aliyekuwa amehukumiwa kifo nchini Saudi Arabia miezi miwili kabla. Mwezi uliofuata hukumu ilibadilishwa ikawa kifungo cha miaka 8 na viboko 800. Sidai kwamba usomaji ndio ulioigeuza hukumu. Kesi ilikuwa na rufaa yake. Ninachokiona ni kwamba mashairi yake yalikuwa sehemu ya mashtaka. Kuyasoma hadharani kulimpa msikilizaji wa kawaida nafasi ya kukisikia "kosa" lenyewe na kuamua mwenyewe. Hapo usomaji ulifanya kazi ambayo tamko la kulaani haliwezi kuifanya. Vivyo hivyo desturi ya vyama vya waandishi vya PEN ya kuacha kiti kitupu jukwaani kwa ajili ya mwandishi aliyefungwa. Kiti kile hakijifanyi kuwa mtu. Kinasema tu kwamba mtu hayupo.

Tatizo linaanza pale mtu mwingine anapokikalia kiti na kusema kwa niaba. Mfano ninaoupenda, na unaonisumbua, ni Refugee Tales wa Uingereza. Juni 2015 waandishi, wakimbizi na watu waliowahi kuwekwa kizuizini walitembea pamoja kutoka Dover hadi Crawley, na kila jioni simulizi zikasomwa mbele ya watu. Walidai kukomeshwa kwa utaratibu wa kuwazuilia wahamiaji bila ukomo wa muda. Mwaka 2016 simulizi hizo zikatoka kitabuni, zikiwa zimepewa vichwa kwa mtindo wa mahujaji wa Chaucer. Mmoja wa waandishi ni Abdulrazak Gurnah wetu, na simulizi yake inaitwa "The Arriver's Tale", hadithi ya anayewasili. Chini ya kichwa kuna maelezo kwamba imesimuliwa kwake na mtu mwingine. Msimulizi hana jina. Gurnah analo, na miaka 5 baadaye lilipata Nobeli.

Kuficha jina la msimulizi kuna sababu nzito, nami nimefanya hivyo hivyo hapa juu. Mtu ambaye hatima yake iko mezani kwa ofisa hawezi kutangaza jina lake. Lakini maelezo yale mafupi ya "kusimuliwa kwa" ni uaminifu ambao mimi sikuwa nao jukwaani. Yanamwambia msomaji kwamba kuna mikono miwili hapa. Mimi nilisoma kana kwamba mkono ni mmoja, tena ni wa kwake.

Gurnah mwenyewe alikuwa ameshaandika kuhusu hatari hii kabla ya matembezi yale. Katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anawasili uwanja wa ndege wa Gatwick kutoka Zanzibar akiomba hifadhi. Ana pasipoti yenye jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza, na ana kijisanduku cha udi. Ofisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake nao walikuja Uingereza kama wakimbizi, anakichukua kile kijisanduku. Tulipoisoma riwaya hiyo darasani, wengi wetu tulisema udi ni ishara ya kumbukumbu, tukapita. Leo naona kitu cha wazi zaidi. Ofisa anamwachia mzee shida yake, kwa sababu shida ndiyo inayohitajika kwenye faili. Anachomnyang'anya ni harufu nzuri, yaani ushahidi kwamba mtu huyu alikuwa mfanyabiashara, mjuzi wa bidhaa, mwenye kiburi na ladha zake. Mbuzi wa bibi ni udi wa Saleh Omar. Nami nilikuwa ofisa.

Sisi wa Kiswahili tulipaswa kulijua hili mapema, kwa sababu tuna Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 Kenya, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa kijitabu chenye swali Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Alipotoka gerezani alikuja Tanzania, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi 1979 alipokwenda London. Huko alikuwa pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, naye akiwa uhamishoni, katika kamati ya kudai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya.

Ukiandaa jioni ya kumheshimu mfungwa, mkono utakwenda wenyewe kwenye "Siwati", shairi la kushikilia msimamo, au "Mamba", ambamo kila msikilizaji anajua mamba ni nani. Hayo ni mazuri mno. Lakini katika diwani hiyo hiyo kuna "Mnazi: Vuta N'kuvute", majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, kila mmoja akimrushia mwenzake hoja kwa vina na mizani. Mfungwa aliyetengwa na watu alijitengenezea ugomvi mzima kifuani mwake, na akaugawa sawasawa kwa pande zote mbili. Nikiulizwa ni shairi gani linaloonyesha kwamba gereza halikumshinda, nitalitaja hilo kabla ya yale ya msimamo. Anayesema "sitaacha" anaweza kuwa bado anamjibu askari jela. Anayegombana juu ya mnazi ameshatoka kimawazo, yuko shambani.

Na mashairi hayo yalitungwa yaghaniwe. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema usomaji wa hadhara ni jambo la wageni. Katika ghani, sauti ya mghani si ya mtunzi na kila mtu analijua hilo. Mtunzi mara nyingi hujitaja katika beti za mwisho ili asipotee kinywani mwa mwingine. Desturi yetu ilikuwa na dawa ya tatizo hili kabla hatujajua kwamba tunaliumwa.

Arusha ni mji unaohitaji dawa hiyo kuliko mingine, maana ni mji wa vikao vya kuwazungumzia wasiokuwepo. Mei 1979 ulikuwa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa Afrika kuhusu wakimbizi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Tarehe 5 Desemba 2014 iliamua kwamba Burkina Faso ilivunja haki ya kujieleza ya mwandishi wa habari Lohé Issa Konaté ilipomfunga miezi 12 kwa makala zake. Ule nao ulikuwa usomaji wa kumtetea mwandishi, wenye nguvu kupita wowote tutakaoandaa sisi. Ukishuka Tengeru, chini ya mlima, kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walihifadhiwa hapo wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Tunawapeleka wageni kuyaona. Mara chache tunauliza watu wale waliimba nini, au walicheka nini walipoona migomba ya Wameru kwa mara ya kwanza.

Upande wa pili wa mlima huo huo kuna Engare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi iwe ya walowezi. Wameru walimtuma Kirilo Japhet, akaenda New York mwaka 1952 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi mara moja. Lakini aliyesimama kusema alikuwa Mmeru, aliyetumwa na Wameru wenyewe. Kila nikiwaza jioni yetu ya Julai, kipimo changu ni hicho: nani alikutuma?

Najua jibu litakalotolewa. Wakimbizi wa Kongo wako Kigoma, Nyarugusu, mbali na hapa, na sheria hairuhusu mtu kutoka kambini bila kibali. Hawawezi kupanda basi tu waje kusoma. Ni kweli, na ndiyo sababu usomaji kwa niaba utaendelea kuwepo, sitaki ufe. Ila Wakongo wengi wa huko wanasema Kiswahili. Sisi hatuna kisingizio cha mkalimani, ambacho watu wa London na Berlin wanacho. Sauti ya kijana yule ilikuwa kwenye simu yangu, kwa lugha ambayo kila mtu ukumbini angeielewa, pamoja na "aksanti" yake na kicheko chake. Ningeweza kuunganisha simu na spika nikakaa chini. Niliona Kiswahili chake kinahitaji kunyooshwa. Hilo nalikiri kwa aibu kuliko hata suala la mbuzi.

Kwa hiyo mambo ninayoyadai ni madogo. Mwenye maandishi achague kipande. Kikipunguzwa, apelekewe kwanza, na wasikilizaji waambiwe kwamba kimepunguzwa na nani. Inapowezekana, sauti yake isikike kabla ya yetu. Bakuli la mlangoni likijaa, mtunzi alipwe ujira kama mwandishi mwingine yeyote. Sisi tulipeleka fedha zote kwenye msaada, tukamtumia yeye bando la intaneti.

Nilimwomba radhi. Hakukasirika, au hakunionyesha. Alisema bibi yake bado yu hai na husimulia habari za mbuzi huyo kila mgeni anapofika, na kila mara askari anakuwa mrefu kidogo na mwenye masharubu zaidi. Tunaandaa jioni nyingine, na nimemwomba ruhusa ya kuzicheza sauti zote kumi na mbili. Amekubali, kwa sharti moja: kwanza azisikilize pamoja na bibi, kwa sababu mwenye mbuzi ni yeye. Bado nasubiri jibu la bibi.